Kipimo cha Pili

Fundi Joakim Ngassa,
Nyuma ya Stendi,
Bariadi.
13 Novemba 1996

Dada yangu mpenzi Milembe,

Mwangaluka, dada. Na kama Mwalimu Yakobo amechelewa kutoka kanisani na unasomewa barua hii jioni, basi mwadila. Nawe Mwalimu nakusalimu kwa heshima, na pole kwa kazi ya kutusomea sisi wenye maneno mengi na mwandiko mbaya. Nimejitahidi kuandika kwa herufi kubwa, lakini mkono uliozoea spana haujui kushika kalamu.

Goti linaendeleaje? Wifi yako Esteria ameniagiza nikuulize hilo kabla ya yote, maana anasema mimi nikianza kuandika nitarukia habari za injini na kuwasahau watu. Anasema ile dawa ya kuchua uipashe moto kidogo kwanza. Na Justina huko Lingeka ameshajifungua, au bado tunasubiri? Mvua huku zimenyesha mara nne na watu wameanza kupanda. Nadhani na huko Kasoli majembe yameshaingia shambani.

Sisi ni wazima. Watoto wanakula na kupigana kama kawaida yao. Kazi zipo. Tangu iruhusiwe kila mwenye mzani anunue pamba, mji huu umejaa malori mabovu yanayotoka sijui wapi na kuja kunifia mlangoni. Gereji ya Ushirika niliyofanya kazi miaka kumi na mmoja kabla hatujapunguzwa imeota majani mpaka ndani ya shimo la kukagulia magari, na vipimo vyake vyote vilipigwa mnada. Siku hizi mtu akiwa na spana mbili na nyundo tayari ni fundi. Nayasema haya kwa dharau, dada, halafu nakumbuka kwamba mimi sina haki ya kumdharau mtu, na sababu utaisikia.

Barua yako niliipata. Uliniambia kwamba hapo kijijini wananisifu. Kwamba mtemi wa sungusungu mwenyewe alisema mbele ya watu kuwa ilumbu wa Milembe, huyu mdogo wake wa kiume, ana moyo wa pekee, kwamba dada yake ametiwa hasara na bado yeye ameshuka kwenye baiskeli kumchimbia kaburi mama wa mtu aliyemtia hasara hiyo. Ukasema nimewashinda kwa utu, na kwamba wewe mwenyewe uliona aibu kubaki nyumbani siku ile. Esteria alinisomea mara mbili kwa sauti, akidhani nitafurahi. Nilisukuma sahani ya ugali, nikatoka nje kujifanya natafuta bolti.

Ndiyo maana naandika. Nataka nikuandikie habari za Sayi. Najua jina hilo halitajwi katika kaya yako tangu mwezi wa sita, lakini vumilia, dada. Mtu huyo ametengwa miezi mitano, maksai wake mmoja amechinjwa na kuliwa, sasa mvua zimefika na hawezi kulima kwa ng'ombe mmoja. Akikosa msimu huu ataondoka, na akiondoka ataondoka na sifa ya uharibifu mpaka kufa kwake. Naomba niyapange mambo tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana nimeyapindisha sana kichwani na nataka mara moja yakae sawa.

Unakumbuka ulivyohangaika na wale ng'ombe sita wa mahari ya Justina. Mashemeji zako walitaka wagawane, wakisema mjane hachungi mali. Wewe ukawaambia utanunua mashine ya kusaga, ili wanawake wa huko waache kutembea nusu siku na debe la mahindi kichwani. Wakacheka. Walisema mwanamke na injini wapi na wapi. Ukaniletea ujumbe kwamba umesikia baba mkwe wangu kule Sola, Mzee Shigela, anauza ile injini ya dizeli ya silinda mbili iliyokuwa ya Ushirika, pamoja na kinu chake, na kwamba hutatoa hata ndama kabla mimi sijaipima. Ulisema, na maneno haya nimeyabeba kama jiwe kwenye kiatu: “Kama Joakim amesema ni nzima, ni nzima. Wengine wote sitawasikiliza.”

Tukakutana Sola. Mzee Shigela alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili yetu, na kwa desturi yetu tulikula kwanza, mimi nimekaa kule pembeni na macho chini kama inavyompasa mkwe. Baada ya kula nikafungua nozeli, nikafunga geji mahali pake, nikakuita. Nilikueleza kwamba injini ya dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inawaka moto, kwa hiyo uzima wake wote ni nguvu ya kubana, ile tunayoiita kompresheni. Nikakuonyesha kwa kidole kwamba mshale ukifika karibu na mia nne, injini ina pumzi. Wewe ukachuchumaa ukaushika ule mshale kwa macho. Mimi nikazungusha hendeli. Ukapanda, ukapanda, ukafika mia tatu themanini, silinda ya kwanza na silinda ya pili. Ukapiga kigelegele. Mzee Shigela akacheka mpaka akakohoa. Ng'ombe sita wakahesabiwa jioni ile.

Ilisaga vizuri kwa miezi michache. Sayi ukamchukua aiendeshe, kwa sababu aliwahi kuwa mhudumu wa pampu ya maji, na ni mtu asiyelewa wala asiyejua kusema uongo. Wanawake wakaacha kutembea. Mashemeji wakaanza kukuamkia kwa adabu. Halafu mwezi wa tano injini ikaanza kutoa moshi wa buluu na kukataa kuwaka asubuhi, na siku moja katikati ya debe la mtu ikanoki, ikasimama. Wakaja wale mashemeji, wakatazama, wakasema walijua. Na mtu mmoja, sijui nani, akasema Sayi aliacha pipa la maji ya kupozea likauke.

Mtemi akaita mkutano. Wazee wa sungusungu wakasema wao hawajui injini, kwa hiyo aitwe fundi. Nikaitwa mimi. Nilifungua kichwa cha injini mbele ya watu wote, chini ya jua, nikachungulia ndani ya silinda, nikafuta mikono kwa kitambaa. Nikasema imekosa maji. Maneno mawili tu, dada. Sayi akasimama akasema kila asubuhi mkewe Felisita alichota ndoo nne na yeye mwenyewe alizimimina kwenye pipa, na majirani wamemwona. Watu wakaguna. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda, kanga umejifunika mpaka kidevuni, ukasema kikulacho ki nguoni mwako. Ndipo Sayi akanigeukia. Hakupiga kelele. Alisema:

“Fundi, tazama tena.”

Sikutazama tena. Nilianza kukusanya spana zangu.

Wakaamua atoe maksai mmoja na akiri kosa lake. Maksai walimchukua kwa nguvu. Kukiri alikataa, akasema hawezi kuungama maji aliyoyachota. Kwa hiyo akatengwa. Unajua vizuri kuliko mimi ilivyokuwa: hakuna kumpa salamu, hakuna kumpa moto wala chumvi, atakayekula naye atatozwa mbuzi. Felisita akawa anakwenda kisimani saa ambayo wenzake wameshaondoka. Na wewe ukawa wa kwanza kufuata amri, kwa kuwa ulikuwa na uchungu, na nani angekulaumu?

Kisha mwezi uliopita akafa mama yake, Bibi Nyamizi. Yule yule aliyekuzalisha Justina, akakaa nawe siku mbili wakati mkunga wa zahanati amekwenda harusini. Mimi nilikuwa napita na baiskeli kumpelekea mnunuzi mmoja wa pamba pampu ya dizeli. Mchana kweupe nikaona watu wawili wanachimba, Sayi na Felisita, yeye mjamzito, wanapokezana jembe moja. Mwili uko mlangoni umefunikwa shuka. Kaya zote za jirani watu wamekaa vivulini wanatazama upande mwingine. Katika maisha yangu sijawahi kuona Msukuma akimchimbia mama yake kaburi peke yake. Nikatupa baiskeli, nikachukua jembe kwa Felisita, nikachimba mpaka mwisho. Tulipomaliza kumfukia, Sayi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, imejaa udongo na malengelenge, akasema: “Wabeja, fundi. Wewe peke yako umenihesabu kuwa mtu. Mungu akulipe.”

Nilipanda baiskeli nikakimbia. Watu waliona huruma pale. Hawakuona kitu.

Sasa, Mwalimu Yakobo, naomba hapa uishie. Karatasi ya pili nimeikunja na kuibandika kwa gundi ya gasketi, tafadhali usiifungue. Mtume mtu akamwite Sayi, au bora uende mwenyewe, wewe ni mtu wa Mungu na sungusungu hawatakutoza. Yeye ndiye asome yaliyobaki. Dada, najua unataka kukataa. Nakuomba kwa tumbo lililotubeba sote wawili, mruhusu aingie ndani ya kaya yako, mpe kigoda akae, ndipo aifungue.

Karatasi ya pili

Sayi, pole kwa msiba, na pole kwa kuitwa. Najua kabla ya mambo haya wewe ndiye uliyekuwa unamsomea dada barua zangu pale mashineni, watu wakisubiri unga, na najua ulikuwa unarekebisha maneno yangu ili nionekane nimesoma zaidi kuliko nilivyosoma. Leo usirekebishe. Soma kama ilivyoandikwa, usiruke mstari kwa ajili ya kunisitiri. Nakufahamu, utataka kunisitiri.

Dada, sauti unayoisikia ni ya mtu ambaye hakukausha pipa. Maji yalikuwemo. Siku ya mkutano nilipochungulia ndani ya silinda niliona ringi za pistoni zimekwisha kabisa, na ukuta wa silinda umelika mpaka kidole kinahisi ngazi. Injini iliyokosa maji haionekani hivyo, hata fundi wa wiki moja anajua. Ile ilikuwa injini iliyochoka muda mrefu, na iliyochoka kabla wewe hujaitolea ng'ombe hata mmoja. Nililijua hilo siku ya mkutano. Nililijua pia siku ya Sola.

Nikueleze jinsi kompresheni inavyopimwa, kwa sababu siku ile nilikueleza nusu. Injini kuukuu hupimwa mara mbili. Kwanza unapima kavu, kama ilivyo. Ikiwa mshale umekuwa mdogo, unatia kijiko cha oili juu ya pistoni kupitia tundu la nozeli, unapima tena. Ikiwa sasa mshale umepanda, umejua ugonjwa: ringi zimekwisha, na ile oili imeziba mwanya kwa muda tu. Ikiwa haujapanda, ugonjwa uko kwenye valvu. Kipimo cha pili hakisemi kwamba injini ni nzima. Kipo ili kumwonyesha fundi mahali penye kidonda.

Asubuhi ile, kabla hujafika kutoka Kasoli, nilipima kavu nikiwa peke yangu nyuma ya ghala la Mzee Shigela. Mshale ulifika mia mbili na kumi silinda ya kwanza, na mia moja tisini ya pili, ukagoma. Nikazungusha tena mpaka bega likauma. Vile vile. Kisha nikakuona unakuja kwa mbali na miguu yako imejaa vumbi, nikachukua oili nzito ya gia, ile isiyoteremka upesi, nikatia vijiko viwili kila silinda. Tukala mbuzi. Ukachuchumaa mbele ya geji. Nilikuonyesha kipimo cha pili nikakwambia ni cha kwanza. Hata ule moshi uliotoka tulipoiwasha nilikwambia ni vumbi la kukaa sana ghalani, ukaniamini, ukakohoa na kucheka.

Utaniuliza kwa nini, na usidhani nilihongwa. Ningehongwa ningekuwa mwizi, na mwizi anajulikana. Mzee Shigela hakujua lolote, naomba usimwekee kinyongo. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, alipoinunua ile injini kwenye mnada, aliniita niifanyie matengenezo makubwa. Kote Sola alikuwa akijigamba kwamba amemwoza binti yake kwa fundi wa Ushirika. Nilipofungua silinda nikapitisha ukucha ukutani, nikagusa ngazi. Nikajua laina, ile mirija ya ndani ya silinda, zimelika, zinatakiwa mpya. Lakini zilikuwa za kuagiza, zingekaa miezi, na mzee kila siku anauliza lini watu wataisikia inanguruma. Kipimo cha silinda tulichokuwa nacho gereji kilikuwa kimeshauzwa. Nikajiambia aah, kwani ukucha ni kipimo? Nikaenda Mwanza nikanunua ringi mpya kwenye duka lililofunguliwa juzi, nikaziingiza ndani ya silinda zilizochakaa. Ni sawa na kumvisha mgonjwa shati jipya. Iliponguruma, mzee aliniita mbele ya wazee wenzake akaniita mwanangu. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo kabla.

Kwa hiyo pale Sola, dada, kama ningekuonyesha kipimo kavu, ningesimama mbele ya mkwe wangu, nyama ya mbuzi wake ikiwa bado kwenye meno yangu, nikamwambia kwamba bidhaa yake ni mbovu na aliyeiharibu ni mimi. Mkwe hakosolewi, ndivyo tulivyolelewa. Lakini nisijifiche nyuma ya desturi. Desturi ilinikataza kumuaibisha yeye. Hakuna desturi iliyonikataza kukuita pembeni na kukunong'oneza usinunue. Ningeweza kukwambia rudi nyumbani na ng'ombe wako, na ungerudi bila hata kuuliza. Nilichokuwa nakiogopa ni kuonekana mjinga. Basi. Niliuza ng'ombe sita wa mwanao ili nisionekane mjinga mchana mmoja.

Na kuna jambo lingine ambalo Sayi analijua, na hakulisema mkutanoni. Wiki tatu kabla ya injini kunoki, alikuja kwangu Bariadi kwa baiskeli, siku ya mnada, amelowa jasho. Aliniambia moshi umekuwa wa buluu, injini inakunywa oili kama ng'ombe wa kiangazi, na akifungua kifuniko cha kujazia oili inampulizia usoni. Dada, hata mimi mwenye cheti nisingeieleza vizuri kuliko alivyoieleza. Aliomba nije niipime kompresheni. Nilimwambia aendelee kuongeza oili, na nikamwomba asikuambie, nikisema ungeogopa bure. Aliahidi. Nilipomtoa mhanga mbele ya watu, alikuwa na neno la kuniangamiza mdomoni mwake, akalimeza kwa sababu alikuwa ameahidi. Alichosema ni kwamba nitazame tena.

Sayi, nageuka kwako. Nimejaribu kuandika neno samahani hapa mara tatu na kila mara nimelikata, utaona madoa. Nilikufanya ukachimbe kaburi la mama yako peke yako, halafu nikaja nikashika jembe na nikapokea baraka zako. Afadhali ungenitemea mate. Usiku na mchana nasikia ile wabeja yako.

Dada, sasa uyajue niliyokwisha kufanya, usije ukadhani natuma karatasi badala ya miguu. Jumapili nilimwambia Esteria. Hakulia, aliniuliza tu kama nilimwangalia Sayi machoni nilipotamka yale maneno mawili, nikamwambia hapana, akasema afadhali hilo. Jumatatu nikaenda Sola. Nilikaa pembeni na macho chini, nikamweleza Mzee Shigela yote, tangu ukucha mpaka oili ya gia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Nilikupa binti yangu kwa ajili ya mikono yako.” Akainuka akaingia ndani. Nilikaa pale mpaka jua likageuka, hakutoka tena. Nilipokuwa naondoka nilikuta maksai wangu mmoja niliyemwacha kwake amefunguliwa na kufungwa kamba njiani, pamoja na wako wawili kati ya wale sita. Wengine wanne alikuwa ameshawatoa mahari ya mwanawe. Nikaelewa hilo ndilo jibu lake.

Maksai ni wa Sayi. Wale wawili ni wako. Wote watatu ninakuja nao Jumamosi, kwa miguu, kwa hiyo nitafika kama saa nne. Ni siku ya mkutano wa sungusungu, na mtemi nimemwachia ujumbe kwamba nitasema mbele ya watu walewale, mahali palepale, na kwamba injini ibaki wazi nimwonyeshe kila atakayetaka kupitisha ukucha. Baada ya hapo wanitenge mimi. Sitaomba nipunguziwe. Kwa wale ng'ombe wanne waliobaki sina jibu leo, dada, na sitakudanganya kwamba ninalo. Laina mpya nimeagiza. Zikija nitakuja kuzifunga, ukikubali nikanyage kwako. Ukikataa nitamwachia Sayi, maana nadhani mkono wake ni mwaminifu kuliko wangu, na kazi ya kuzifunga nitamwandikia hatua kwa hatua. Na injini hiyo ikipimwa tena, ipimwe kavu, wewe umeshika hendeli, mimi nikiwa mbali.

Najua wewe pia umeumia kwa kusikia haya mbele yake. Wewe hukumtenga kwa ubaya. Ulimtenga kwa neno langu, neno la mdogo wako uliyembeba mgongoni mpaka shuleni Maswa wakati wa mafuriko. Hilo pia liko juu yangu, usilibebe wewe.

Esteria anakusalimu, na watoto wote. Msalimie Justina, na mtoto wake akizaliwa wa kike nisamehe kwa kupendekeza jina, lakini naona Nyamizi lingefaa. Mwalimu Yakobo namsalimu na kumwomba asiyatoe haya madhabahuni kabla ya Jumamosi. Yanipasa niyatoe mimi. Felisita mwambie namsalimu nikiwa chini, magoti yote mawili.

Sayi ameshasoma kurasa ndefu, na mwandiko wangu ni mbaya. Koo lake litakuwa limekauka. Usimtume mtoto, dada. Inuka mwenyewe, na goti hilo hilo, umletee maji.

Ni mimi ilumbu wako asiyestahili,
Joakim Ngassa